Drili ya baba imetoa moshi leo, nisaidieni kabla sijaambiwa niitupe

Mbao_na_Msasa · Jumamosi, saa 2:40 usiku

Sasa wasee. Nimekaa hapa kwa balkoni Umoja na drili iko mbele yangu na sijui nianzie wapi. Hii si drili ya juzi. Baba aliinunua 1989 akiwa bado anafanya useremala, mwili chuma tupu, plastiki iko tu kwa kifuniko cha nyuma, nzito hadi mtoto hawezi kuiinua na mkono mmoja. Ule mshikio wa pembeni uko na kibonde pale kidole gumba chake kilikuwa kinakaa, na changu siku hizi kinakaa hapo hapo. Aliniachia 2011 akienda kupumzika mashambani na tangu hapo kila kitu cha mbao kiko hii nyumba kimepitia kwake, kabati ya vyombo, rafu, meza ya kusomea ya kifungua mimba wangu. Mimi si fundi wa kulipwa, katikati ya wiki niko ofisi, mbao ni ya wikendi na naipenda sana.

Leo nilikuwa natoboa mashimo ya bolti kwa kitanda cha deka cha wasichana wangu. Mahogani, biti ya milimita 10, mashimo 16. Nikiwa la 9 sauti ikabadilika. Sauti yake naijua, naeza kukwambia imefika katikati ya mbao bila kuangalia. Ikashuka ikaanza kunguruma, nikaona moto wa bluu ndani ya yale matundu ya hewa, alafu moshi mweupe mzito ukatoka upande wa mkono. Nikaachilia swichi. Nimengoja kama nusu saa nikajaribu tena, ikazunguka polepole sana na moto umezunguka ndani kama pete. Nikachomoa. Fyuzi ya plagi haikukatika.

Ni amecha (ile sehemu ya mota yenye koili inayozunguka) imekufa ama kuna kitu kingine? Na kama ni amecha, inafaa kuriwaindiwa (kufungwa waya mpya) ama ndio basi?

---

KariobangiLight · Jumamosi, saa 3:05 usiku

Pole sana ndugu. Pete ya moto ni amecha, sitakudanganya. Koili moja ikikatika ama ikishort, kila mara kile kipande cha komuteta (ile pete ya vipande vya shaba kwa amecha) kikipita chini ya kaboni (kile kitofali kinachoipelekea stima) kinarusha cheche, na hiyo cheche inabebwa mzunguko mzima ndio unaona pete. Nimeriwaindi hizi mashine miaka 14. Ilete Light Industries, siku mbili unaichukua. Ile ya chuma ya zamani iko na nafasi ya kufanyia kazi, si kama hizi mpya ambazo ukifungua kila kitu kimebanwa.

---

Stima_Kidogo · Jumamosi, saa 3:11 usiku

Fundi wacha kumzika mgonjwa na bado anapumua. Kaboni umeziangalia? Kaboni ikiisha ama ikikwama ndani ya nyumba yake haigusi komuteta vizuri, inarukaruka, na inatoa moto hivyo hivyo. Kitu ya bob 200 hiyo. Fungua kwanza utuambie ziko urefu gani, zikipita chini ya milimita 5 hivi springi haizisukumi tena na nguvu.

---

Betri_18 · Jumamosi, saa 3:30 usiku

Mkuu, kwa heshima zote, miaka hiyo yote imekutumikia. Mimi nilihamia za betri 2021 na sijawahi kurudi kwa waya. Hakuna kutafuta ekstensheni, stima ikipotea unaendelea na kazi. Hiyo nyingine iweke juu ya rafu iliyoitengeneza yenyewe.

---

Shosho_wa_Randa · Jumamosi, saa 3:42 usiku

@Betri_18 ya kuweka juu ya rafu ni picha ya marehemu. Mtu ameuliza inapona aje.

Mbao_na_Msasa, pole mwanangu. Niko na randa ya stima tangu nikiwa na duka la fanicha Ngong Road, na mwaka juzi ilinifanyia hii hii, moto wa bluu hadi nikarusha chini. Shida ilikuwa kaboni za kununua zilizokuwa nene kidogo, kijana akazisugua na msasa ziingie, akasugua upande mmoja zaidi. Moja ikawa inakwama. Ulibadilisha kaboni hivi karibuni?

---

Mbao_na_Msasa · Jumamosi, saa 4:15 usiku

Asanteni. Shosho umenishtua, juu ndiyo, nilibadilisha kama miezi miwili iliyopita. Nilinunua duka fulani mjini, hazikuwa saizi yenyewe, na nikazisugua na msasa. Mimi mwenyewe, hapa hapa balkoni.

Nimefungua sai. Skrubu nne, kifuniko cha nyuma kimetoka. Vumbi nyeusi kila mahali. Kaboni ya kulia iko milimita 9, ya kushoto 4. Zilikuwa sawa nikiweka. Komuteta ina vipande viwili vimekuwa vyeusi kabisa, vingine ni rangi ya kahawia. Amecha ikizungushwa na mkono inazunguka lakini kuna mahali inakwaruza kidogo.

---

Stima_Kidogo · Jumamosi, saa 4:20 usiku

9 kwa 4! Si nilisema kaboni.

---

KariobangiLight · Jumamosi, saa 4:26 usiku

Vipande viwili vyeusi na vingine viko sawa, hiyo si kaboni ndugu. Kaboni mbaya ingechafua komuteta yote. Viwili tu maana yake koili inayoshika hapo ndio iko na shida. Uko na mita ya kupima stima? Pima kipande kwa kipande, kinachofuatana, mzunguko wote. Zote zinafaa kusoma karibu sawa. Alafu pima kila kipande na shafti, hapo usisome kitu kabisa, ukisoma kitu hapo amecha imeshika mwili na usiirudishe kwa stima hata sekunde moja.

---

Keekee_ya_Babu · Jumapili, saa 12:50 asubuhi

Nimeamka nikakuta huu uzi na nimeusoma wote. Kijana wangu, kabla ya amecha na kaboni nataka unijibu kitu kimoja. Mwili ni chuma. Je, plagi yako ina waya ya athi, ile ya kupeleka stima ardhini ikivuja, na imefungwa mpaka kwa ule mwili? Nimezika rafiki kwa sababu ya grainda ya chuma iliyokatwa athi. Hizi za plastiki zenye alama ya mraba ndani ya mraba hazihitaji athi, zimefunikwa mara mbili. Ya baba yako si hizo. Pima kutoka pini kubwa ya plagi hadi mwilini, isome karibu sufuri.

Na badilisha fyuzi. Najua umeweka ya 13. Drili hiyo ikiwa ya wati 500, kwa volti 240 ni ampea 2 na kidogo, weka ya 3. Ile ya 13 ndio maana haikukatika na drili inaungua.

---

Mbao_na_Msasa · Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimepima sai hivi baada ya kusoma. Athi iko, baba aliifunga na skrubu ya shaba ndani ya mkono na bado imeshika. Fyuzi ni ya 13 kweli. Nitabadilisha leo.

---

Keekee_ya_Babu · Jumapili, saa 2:20 asubuhi

Marahaba. Baba yako alikuwa fundi.

---

Nyundo254 · Jumapili, saa 3:00 asubuhi

Mzee hilo jina keekee ndio nini? Nimekuwa nikilisoma hapa miaka.

---

Keekee_ya_Babu · Jumapili, saa 3:25 asubuhi

Keekee ndio drili kwa Kiswahili, kabla hamjaanza kuita kila kitu kizungu. Ile ya kuzungusha kwa uta, kamba imejipinda kwa kijiti, unavuta mbele na nyuma. Babu yangu alitoboa nayo milango Lamu. Hii ya kushika kama bastola yenye swichi kwa kidole imeletwa na Black & Decker wa Marekani, hataza yao ni ya 1917, ndio drili ya kwanza ya stima.

---

Mwalimu_Fizikia · Jumapili, saa 3:50 asubuhi

Mzee nakusahihisha kidogo kwa heshima. Mkono wa bastola na swichi ya kidole ndio wa Black & Decker. Drili ya stima yenyewe ni ya zamani zaidi, Arthur Arnot alipata hataza Melbourne 1889, lakini ilikuwa dude kubwa la kutobolea mawe na makaa. Ya kubebeka ni ya Wilhelm Fein, Stuttgart, 1895.

Kurudi kwa shida. Mbao_na_Msasa, stima ilikuwa aje jana? Ekstensheni ni urefu gani? Volti ikishuka drili inachoka, wewe unasukuma zaidi, inaungua.

---

Mbao_na_Msasa · Jumapili, saa 4:10 asubuhi

Mwalimu hapo umegusa kitu. Chini kwa ploti kuna jamaa anachomelea mageti kila Jumamosi. Akishika taa zetu zinafifia. Na jana nilikuwa natumia ekstensheni nyembamba, mita 10, nusu imekunjwa.

---

Stima_Kidogo · Jumapili, saa 4:22 asubuhi

Mwalimu hiyo ya volti ikishuka ampea zinapanda ni ya friji na pampu ya maji. Drili ina kaboni, mota yake ni tofauti, volti ikishuka inapunguza mbio tu.

---

Mwalimu_Fizikia · Jumapili, saa 4:40 asubuhi

Sijasema ampea zinapanda zenyewe. Nisikize. Mota ya kaboni, ile nguvu ya kusokota inatokana na ampea. Biti ya 10 ndani ya mahogani inataka msokoto ule ule hata volti ikiwa 190. Kwa hivyo ampea zinabaki zile zile, joto la waya linabaki lile lile, lakini feni iko kwa shafti hiyo hiyo ambayo imepunguza mbio. Joto sawa, hewa kidogo. Shimo moja halitaleta shida. Mashimo tisa mfululizo na jamaa wa mageti anachomelea, hapo vanishi inayofunika waya za koili inalainika.

---

Stima_Kidogo · Jumapili, saa 4:44 asubuhi

Sawa hiyo nakubali. Lakini bado 9 kwa 4.

---

Gikomba_Mbao · Jumapili, saa 5:30 asubuhi

Mnaongea drili na mimi naona mahogani. Ulipata wapi na pesa ngapi? Tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 mbao hazijawahi kurudi bei ya watu, hata baada ya kuondolewa 2023. Wateja wangu wengi wanachukua mukima (grevilea) sai.

---

Mbao_na_Msasa · Jumapili, saa 5:41 asubuhi

Nilitoa kwa mlango wa zamani nyumba ikibomolewa South B. Nilikaa nazo miaka mitatu nikingoja zipate kazi inayozifaa.

---

Luthuli_Mtupu · Jumapili, saa 8:05 mchana

Habari zenu. Nimesoma hadi hapa na hakuna mtu ameuliza kuhusu moshi. Amesema ulitoka UPANDE WA MKONO. Amecha haiko kwa mkono, iko mbele. Kwa mkono kuna nini? Swichi, waya, na kwa drili nyingi za miaka hiyo kuna kapasita ndogo ya kuzuia kelele za redio. Zile za karatasi zinapasuka ganda na umri, zinanyonya unyevu, siku moja zinalipuka moshi mweupe mwingi na mota yenyewe haina shida. Nimezitoa kwa cherehani za stima, kwa redio, kwa mikisa. Harufu ilikuwa aje? Vanishi ya koili inanuka tamu kidogo kama rangi imeungua. Kapasita inanuka vibaya tu, inakaa kwa nguo.

---

Mbao_na_Msasa · Jumapili, saa 9:20 alasiri

Imekaa kwa nguo. Mke wangu ameanika shati langu nje tangu jana.

Nimefungua mkono. Kuna kitu cha mraba cha manjano, kina nyufa kama matope yaliyokauka, na kona moja imefura na imetoa maji ya kahawia. Nimekikata nikakiweka kwa sahani.

---

Luthuli_Mtupu · Jumapili, saa 9:24 alasiri

Ndio huyo. Drili itafanya kazi hata bila yeye, redio ya jirani tu ndio itapiga kelele. Ukitaka kumrudisha nunua ya X2 (aina ya kufungwa kwa stima ya ukutani), volti 275, si ya kawaida.

---

KariobangiLight · Jumapili, saa 9:50 alasiri

Kapasita nimekubali imetoa moshi. Lakini kapasita haifanyi drili izunguke polepole, na haiweki pete ya moto. Hizo mbili bado hamjanijibu. Mita umepima?

---

Mbao_na_Msasa · Jumapili, saa 12:30 jioni

Nimepima yote, polepole, nikaandika kwa kadibodi. Kipande kwa shafti hakuna kitu, safi. Kipande kwa kipande karibu zote zinasoma omu 2 na pointi. Vile viwili vyeusi kwa kila kimoja inasoma 0.4.

Kusema ukweli nimekaa chini baada ya hiyo.

---

KariobangiLight · Jumapili, saa 12:38 jioni

Pole. Hiyo ni short. Nililipia riwaindi ya kwanza kabisa ya maisha yangu kwa mashine kama hiyo, najua unavyoskia.

---

Mwalimu_Fizikia · Jumapili, saa 12:45 jioni

Ngoja. Ukigusanisha ncha za mita zenyewe inasoma ngapi?

---

Mbao_na_Msasa · Jumapili, saa 12:47 jioni

0.4

---

Mwalimu_Fizikia · Jumapili, saa 12:50 jioni

Basi hapo ni sufuri kabisa. Koili yenye mizunguko michache iliyogusana ingebaki na kitu. Sufuri kabisa ni chuma kimegusa chuma ama uchafu umejaza ile mitaro kati ya vipande. Kaboni yako iliyokwama imekuwa ikisaga vumbi na shaba humo miezi miwili. Kwangua mitaro.

---

Shosho_wa_Randa · Jumapili, saa 1:15 usiku

Blade ya msumeno wa chuma iliyovunjika, isugue pembeni iwe nyembamba, ipitishe kwa kila mtaro pole pole usiguse shaba. Alafu brashi ya meno kavu. Usitumie msasa wa chuma, ule unaacha chembe zinazopitisha stima.

---

Mbao_na_Msasa · Jumatatu, saa 3:55 usiku

Wasee. Nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa balkoni, hata sijavua viatu. Nimekwangua mitaro yote na blade, ya vile vipande viwili vyeusi ilikuwa imejaa kitu kigumu cheusi kinang'aa kidogo. Kimetoka kama ukoko wa sufuria. Nimepiga brashi. Nimepima. Vyote vinasoma omu 2. Vyote. Nimerudia mara tatu na binti yangu mkubwa akisoma namba kwa sauti.

---

Stima_Kidogo · Jumatatu, saa 3:58 usiku

KABONI.

---

Luthuli_Mtupu · Jumatatu, saa 4:01 usiku

Na kapasita.

---

KariobangiLight · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Nimefurahi na wewe, kweli. Lakini nikuonye kama ndugu. Kuna amecha inasoma sawa ikiwa baridi, ikipata moto waya zinapanuka vanishi iliyochoka inaachilia na inashort. Nimerudishiwa kazi hivyo zaidi ya mara moja. Na ule mkwaruzo ukiizungusha na mkono? Hiyo bado. Nyuma ina beringi ama bushi (ile bomba fupi inayoshika shafti)?

---

Mbao_na_Msasa · Jumatatu, saa 4:26 usiku

Mbele beringi, nyuma bushi ya shaba. Grisi imekuwa kama nta.

---

KariobangiLight · Jumatatu, saa 4:31 usiku

Bushi ikilika, shafti inacheza, komuteta inaruka chini ya kaboni, kaboni moja inalika kuliko nyingine. Kwa hivyo hata hiyo 9 kwa 4 yenu inaweza kuwa bushi, si msasa.

---

Shosho_wa_Randa · Jumatatu, saa 4:40 usiku

Inaweza. Lakini yangu bushi ilikuwa mpya na ikafanya hivyo hivyo.

---

Nyundo254 · Jumatatu, saa 4:45 usiku

Kwa nini usiiwashe tu tujue? Weka balbu ya wati 100 ya zamani kwa mstari mmoja nayo, ikiwaka sana ujue ni short.

---

Mwalimu_Fizikia · Jumatatu, saa 5:02 usiku

Itawaka sana hata mota ikiwa nzima. Balbu ya wati 100 ni omu 576 ikiwa moto, mota ikiwa imesimama haifiki hata 30. Balbu inakulinda usichome kitu, lakini haikwambii mota ni nzima. Weka pasi ya wati 1000 badala yake, mota itapata nguvu ya kuzunguka na bado kuna kinga.

---

Betri_18 · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Niko Donholm, karibu na wewe. Leo jioni nakuletea drili yangu na betri mbili umalize kitanda cha watoto, kaa nayo hata wiki. Na naomba msamaha kwa ile ya rafu. Ya baba yangu iliuzwa na vyuma chakavu nikiwa shule na nilinyamaza.

---

Mbao_na_Msasa · Alhamisi, saa 3:10 usiku

@Betri_18 asante sana ndugu, Mungu akubariki. Kitanda cha chini kimesimama. Drili yako ni nzuri, nyepesi, inatoboa safi, na majirani hata hawakujua kuna kazi. Yule mdogo alikuwa amekaa kwa mlango wa balkoni akiniangalia, akauliza mbona haina sauti ya guka, yaani babu yake. Nikamwambia ya guka iko hospitali. Wanalala wawili chini kwa sasa. Cha juu na ngazi bado.

Sijaiwasha. Nimeamua nisiiwashe peke yangu. Nimeisafisha, nimeosha bushi na mafuta taa, nimetafuta kaboni za saizi yenyewe Kirinyaga Road, nimezunguka maduka manne nikapata, hazikuhitaji kusuguliwa. Fyuzi ni ya 3.

KariobangiLight, Jumamosi uko?

---

KariobangiLight · Alhamisi, saa 3:18 usiku

Niko kuanzia saa mbili asubuhi. Ilete ikiwa wazi, usifunge skrubu. Nina kifaa cha kupima amecha ikiwa moto, tutaipasha kwanza. Na ulete ule mshikio wa pembeni, nataka kuuona.

---

Keekee_ya_Babu · Alhamisi, saa 3:25 usiku

Jumamosi nitapitia hapo nikitoka Kamukunji. Ile skrubu ya shaba ya athi usiiguse hadi nifike.

---

Gikomba_Mbao · Alhamisi, saa 3:31 usiku

Na kama kuna kipande cha ile mahogani kimebaki, hata futi mbili, mwenzenu ananunua.

---

Mbao_na_Msasa · Alhamisi, saa 3:34 usiku

Hakijabaki, ndio ngazi. Nakuja Jumamosi saa tatu na wasichana wote wawili, wamekataa kubaki.